Ozi wa Melfort

Tisdale, 9 Novemba

Mwanangu Larysa,

Hujambo? Mimi mzima, ila magoti yanalilia joto. Mama yako alikupikia pirogi, zile za unga zilizojazwa viazi, nimezila.

Nimempata! Timu ya hoki ya vijana wa Melfort ina mchezaji wanamwita Ozi. Akiteleza, barafu inanyamaza. Ipimeni hiyo kwenye kompyuta zenu! Mwambie bosi wetu klabu imchague mwezi Mei, klabu zinapogawana vijana. Ameshasema nisipoleta mchezaji wa maana, huu ndio msimu wangu wa mwisho wa kusaka vipaji.

Babako, Orest

Saskatoon, 16 Novemba

Shikamoo Baba,

Sijambo. Pirogi zangu Mungu anaziona.

Huyo Ozi bila shaka ni Osborne. Baba, anawagawia wapinzani kisahani cha mchezo kama peremende! Takwimu zangu zinamtaka mwenzake, Ostapchuk. Akiwa uwanjani, timu yote inashambulia.

Bintiyo, Larysa

Tisdale, 20 Novemba

Larysa,

Salamu baadaye. Ostapchuk ndiye nani? Majira yote nimekaa uwanja ule nikinywa kahawa yao chungu, sijasikia akiitwa hata mara moja. Labda anachezea ndani ya kompyuta yako! Nimemwandikia bosi: Ostapchuk ni mzigo.

Babako

Saskatoon, 24 Novemba

Baba,

Nami nimemwandikia: Ozi ni hasara. Kunywa dawa yako ya presha.

Bintiyo

Saskatoon, 5 Mei

Shikamoo Baba,

U mzima? Keti kwanza.

Leo bosi kasema, “Baba kamponda Ostapchuk, binti kamponda Ozi. Waacheni wote!” Kamchagua golikipa, mpwa wa mkewe. Wapinzani wetu wakamnyakua Ostapchuk. Nikaona video: wenzake wa Melfort wanamrukia wakipiga kelele, “Ozi! Ozi!”

Baba, ni yuleyule. Tumesahau kwamba kwenye hoki hakuna anayeachiwa jina lake zima. Tumemzika wenyewe.

Bosi hajui. Amekuongezea msimu mmoja, shukrani kwa kumwepusha na Ostapchuk.

Bintiyo, Larysa

Tisdale, 2 Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Nilinyamaza kwa hasira. Sijui nilimkasirikia nani. Njoo Jumamosi. Pirogi zako zipo, nimekatazwa hata kufunua sufuria. Njoo na kompyuta.

Kuna kijana huku Nipawin, wanamwita Bushi. Moto! Jina lake kamili ni Terrence Bouchard. Nimemuuliza yeye, kisha nikamuuliza na mama yake.

Babako, Orest