Malkia wa Shupaza Alikuwa kwa Mumeo

Mwikali, rafiki yangu,

Kesi imeisha leo. Nimekaa kwa gari nje ya korti. Nataka kukueleza yote, lakini nikianza na mwisho utanikemea vile ulivyozoea: "Nekesa, polepole. Karata moja moja."

Basi polepole.

Ile Jumamosi ukumbini Westlands tulicheza karata za bridge, mimi nawe dhidi ya mumeo Musyoka na bosi wake. Ulitangaza shupaza sita. Maana yake shupaza ndiyo turufu, na katika mizunguko kumi na tatu tunaruhusiwa kupoteza mmoja tu. Nikalaza karata zangu wazi mezani, kazi ya kuzicheza pamoja na zako ikabaki yako. Mzunguko wa kwanza bosi akaula kwa ree ya kopa. Hatukuwa na nafasi nyingine ya kupoteza, na malkia wa shupaza hatukuwa naye.

Mtu wa haraka angepiga ree kisha mfalme, aombe malkia aanguke. Wewe ulisubiri. Bosi alikuwa ametangaza kopa tatu mwanzoni, na anayetangaza hivyo huwa na kopa saba. Ukacheza maua mara mbili, uru mara mbili, na kila mara bosi akafuata. Ukapiga ree ya shupaza, akatoa ndogo. Saba, mbili, mbili, moja: kumi na mbili kati ya karata zake kumi na tatu. Amebakiwa na karata moja tusiyoijua, na Musyoka anazo tele. Ukaongoza shupaza ndogo, Musyoka akaweka ndogo. Kwangu mezani palikuwa na mfalme na jeki; jeki ingeshinda tu kama malkia yuko kwa Musyoka. Hukumtazama mumeo hata mara moja.

"Jeki, tafadhali," ukaniambia.

Bosi akatupa kopa. Malkia alikuwa kwa mumeo, na hakuwa na pa kwenda.

"Musyoka, bibi amekuvua nguo!" bosi akasema, na ukumbi mzima ukacheka. Musyoka naye akacheka. Taya lake halikucheka.

Siku hiyohiyo, jua bado liko juu, ulinipigia simu. Nilisikia kishindo, nikasikia ukilia, nikamsikia yeye: "Mwizi! Ulichungulia karata zangu!" Nilipanda Waiyaki Way hadi kwenu Loresho nikipiga honi kama mwendawazimu. Soja wa geti alikuwa amezisikia kelele, akanifungulia bila kuuliza. Mlango wa jikoni tuliuvunja kwa jiwe. Musyoka alikuwa amesimama juu yako na rungu, damu imemrukia shati hadi kola. Vidole vyako vya kulia, Mwikali. Alivipiga kimoja kimoja. Kichwa…

Kichwa sitakiandika.

Nilimtandika Musyoka begani na lile jiwe. Akaanguka, soja akamkalia mgongoni. Ningempiga tena na tena, ila uliita jina langu.

Kwa gari, tukienda hospitali Upper Hill, ulisema, "Sikuchungulia."

"Najua."

"Waambie."

Ulikata roho kabla madaktari hawajamaliza kukuhudumia.

Tangu siku hiyo sijashika karata. Dada yake Musyoka alinijia matangani akaninong'oneza eti ungemwachia tu ashinde, ungekuwa hai. Nilimzaba kofi mbele ya mchungaji. Sijuti.

Kortini wakili wake alisema ulimchokoza. Eti ulichungulia karata zake, alipokuuliza ukamtukana, akili ikamruka. Alitaka lihesabiwe kosa dogo, jambo la hasira tu. Kwa hiyo nilipoitwa kutoa ushahidi, niliomba ruhusa nipange karata mezani. Jaji alikubali. Nilimwonyesha kopa saba, maua mawili, uru mbili, shupaza moja. Nikamweleza kwa nini jeki. Wakili akatabasamu, akasema hayo ni rahisi kuyasema baadaye, mtu akishajua jibu.

Jana Musyoka mwenyewe akapanda kizimbani. Suti mpya, Mwikali, na nywele amenyoa. Kiongozi wa mashtaka, mama mmoja mpole, akampa sifa. Akamuuliza amecheza miaka mingapi, kama ndiye bora klabuni. Musyoka akakaa wima. Mama akaninyooshea kidole, nikapanga zile karata tena, kila kitu kama kilivyokuwa.

"Wewe ungekuwa kwa kiti cha marehemu," akamuuliza, "bila kuona karata ya mtu, ungecheza mfalme au jeki?"

Wakili wake alikuwa anainuka. Musyoka hakumngoja.

"Jeki," akasema. "Mtu yeyote anayejua kucheza angecheza jeki."

Nilimwona akilisikia neno lake mwenyewe limeshatoka. Akaangalia mikono yake.

Leo jaji amesema hukuhitaji kuchungulia karata ya mtu, hakuna uchokozi wowote, ni mauaji. Kifungo cha maisha. Walipompitisha kwenye korido nilimrukia, kucha zangu zikamchana shavu, na askari wawili wakanibeba juujuu kama gunia. Mama yako alikuwa nyuma yangu. Hakunizuia.

Nimewaambia, Mwikali. Imeandikwa na korti kwamba ulicheza vizuri.

Jumamosi narudi ukumbini. Nakuahidi hivi: mwanamke yeyote akimshinda mumewe mezani pale, sitamwacha arudi naye nyumbani peke yake. Nitamsindikiza hadi ndani, nikae, ninywe chai yao hadi nijue ile nyumba iko salama. Wakinichukia, wanichukie.

Kwaheri, mpenzi. Pumzika mahali ambapo ukishinda hakuna wa kukungoja nyumbani na rungu.

Nekesa wako