Hodi Kutoka Ndani ya Nyambizi

Koko mpendwa,

Unaendeleaje huko nyumbani Kasha? Huku Urusi baridi inauma hadi masikio. Jana Tonton, mjomba wangu, alinipeleka kuona nyambizi, meli ya vita inayopita chini ya maji, ambayo sasa ni makumbusho. Inalindwa na maman muzee ambaye bwana yake alizama na nyambizi kama hiyo, hakupatikana. Kabla ya kutufungulia, aligonga chuma mara tatu. Ndani, ambamo hamkuwa na mtu, kukagongwa mara tatu.

“Iko sauti inarudi tu,” Tonton alininong'oneza.

Lakini ulinifundisha kwamba hodi haiachwi bila jibu. Nikasema, “Karibu.” Maman akagonga tena. Kimya. Akanishika mkono, Tonton akatafsiri: “Mutoto, umemwambia bwana yangu nini? Kila siku ananijibu.”

Koko, nikirudi na kupiga hodi, uniitikie upesi, hata kama unakaanga visamaki vya sambaza.

Mjukuu wako,
Neema