Nilifuata Sato, Nikapata Posa

Shikamoo Shangazi Modesta,

Naomba unisaidie, maana jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu Kija: kila jioni nakula kwa jirani, halafu narudi nyumbani nakula tena. Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na mimi si mlafi, shangazi, ila mama alihudhuria semina ya lishe akarudi na kipimo kwamba ugali wa mtoto ulingane na ngumi yake, basi tangu siku hiyo kila mtu anaweka ngumi mezani na mama anakata ugali akilinganisha, na mimi nimerefuka mpaka nainama mlangoni lakini mikono yangu imebaki ya chekechea, wakati mdogo wangu Malimi ana mikono kama majembe, anapewa mlima. Nikiomba nyongeza mama anasema, "Ngumi haidanganyi," na Malimi anadakia, "Dada ana ngumi ya kuku!"

Ndipo nikaanza kwenda kwa Mama Zadok, jirani yetu mwenyeji wa Mara, nikijifanya naazima ungo, na kwake mgeni hatoki na njaa, ananiwekea samaki mzima, sato wa ziwani, na kusema, "Kula, binti, kula," nami nakula. Kumbe ameelewa vingine! Juzi mwanawe Zadok alikuja kula amevaa viatu vya kanisani, na mama yake akasema, "Msichana anayekuja kila siku na kula bila aibu, huyo ni wa nyumba hii. Jumamosi nakuja kuongea na wazazi wako." Nilitaka kukataa lakini mdomo ulikuwa umejaa.

Zadok ni mtu mzuri, ila mimi nilifuata sato. Nikisema ukweli nitamwaibisha mama mtaa mzima, nikinyamaza nitaolewa. Nifanyeje?

Binti wa Butimba

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekuhurumia, na nimecheka pia, unisamehe. Lakini unamaliza sato wa mwenzio kila jioni, ulitaka afikiri nini? Kwamba unapenda ungo?

Mama yako hana roho mbaya. Ana sufuria moja na watoto wanaogombana, akaambiwa ngumi, akashika ngumi. Ila hicho ni kipimo cha kuanzia tu. Mtoto akirefuka mpaka mlangoni, mama humtazama yeye mzima, siyo mkono.

Usingoje Jumamosi. Leo mama akiwa anasonga ugali, kabla Malimi hajafika na maneno yake, mwambie, "Mama, sishibi." Basi. Atakasirika kidogo, halafu atakutazama. Hapo mweleze habari ya jirani, aisikie kwako na si kwa mgeni aliyekuja na kanga na sukari. Kesho nendeni wote wawili kwa Mama Zadok, mbebe japo michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mumshukuru kwa chakula, na wewe mwenyewe useme kwamba kuolewa bado. Useme kabla hajapakua! Na Zadok umwombe radhi, viatu alivipiga rangi kwa ajili yako.

Nanyi wasomaji wa Butimba, najua mmeshamtambua. Mpaka Jumamosi ipite, tafadhali, hamjasoma kitu.