Kamera ya Mkono Mmoja

Wemindji,
Eeyou Istchee,
16 Julai.

Mpendwa Mama Mdogo Beulah,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Halifax, na kwamba mgongo wako umepata nafuu baada ya zile zamu za usiku. Mama anauliza kama unakula. Anasema wauguzi hulisha watu wote wakasahau matumbo yao wenyewe. Ukinijibu, tafadhali taja chakula chochote ili atulie.

Sisi huku hatujambo. Goti la Babu limekubali tena kuingia mtumbwini. Bibi ana nguvu zake zile zile. Mbu ni wengi mno mwaka huu, na kaka yako Roderick anasema hata mbwa wa jirani hawabweki, wanaogopa kufungua mdomo.

Nimechelewa kukujibu, na swali lako lilikuwa dogo tu. Ulitaka nichague zawadi: kamera ndogo ya mfukoni, au ile kubwa ya kisasa isiyo na kioo ndani, ya kubadilishwa lenzi. Mwezi wa Mei nilikuandikia barua ndefu kuisifu ile kubwa. Nilisema pia kwamba kamera ndogo ni za watu wanaoridhika upesi. Niliandika hivyo nikijua kwamba ndogo iliyo hapa nyumbani ni yako, uliyotuachia ulipohama. Naona haya kwa sentensi ile, na hiyo ndiyo haya ndogo kuliko zote nilizo nazo.

Najua Mama alikugusia habari hii kwenye simu. Najua pia alifupisha, ili anistiri. Ningependa uisikie yote kutoka kwangu, kwa sababu picha za sherehe ya Elliot ulizokuwa ukizingoja hazipo, na si haki ufikiri kwamba tulikusahau.

Kwanza nikueleze juu ya wifi yangu Gloria, maana ulikuwa umeshahama kaka yangu Lawrence alipomleta nyumbani. Gloria alichukuliwa na serikali akiwa mchanga, akalelewa kusini na watu wasio wake, leo nyumba hii, kesho ile. Alirudi akiwa mtu mzima. Lugha yetu huizungumza kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, polepole, akitazama kila neno kabla ya kulikanyaga. Yeye mwenyewe hakuwahi kutolewa nje ya mlango wa hema na wazee, akauzunguka mti na kurudi na nyama ya kuwapa, kama sisi sote tulivyofanyiwa. Hakuna aliyemshika mkono siku ya hatua zake za kwanza ardhini.

Ndiyo maana Elliot alipozaliwa, Gloria alimuuliza Bibi kila mwiko, akaushika kuliko sisi tuliozaliwa nao. Tangu azaliwe, mguu wa mtoto yule haukugusa ardhi ya nje, maana ni mwiko aikanyage kabla ya sherehe yake. Alibebwa kutoka nyumbani hadi garini, kutoka garini hadi dukani. Mwezi wa Mei, wakati wa kuwinda bata bukini, Gloria alimbeba kambini kwenye matope na theluji inayoyeyuka, naye mzito kama gunia la unga, akirusha mateke ateremshwe. Wanawake wengine walimwambia siku hizi watoto hutembea kwanza, sherehe huja baadaye, na hakuna atakayemlaumu. Gloria alicheka tu, akamhamishia kiuno cha pili.

Mama Mdogo, sasa nafika.

Mwalimu wetu wa sanaa aliniazima kamera yake kubwa kwa likizo nzima, pamoja na kitabu chake. Nilikisoma kitabu hicho hadi kona zikajikunja. Kamera ile ina akili ya ajabu. Hutafuta yenyewe jicho la mtu, huliwekea kisanduku cha kijani, kisha hailiachi hata mtu akikimbia. Niliwaambia watu wote mezani kwamba siku ya Elliot haitakuwa na picha hata moja yenye ukungu. Lawrence akauliza kama kamera hiyo pia huosha vyombo, maana mwenye kamera alikuwa ameacha kuviosha.

Hema kubwa la sherehe lilikuwa limeshasimamishwa, na sote tulilala humo usiku wa kuamkia siku ya maandalizi. Alfajiri Elliot aliamka akilia. Gloria alikuwa hajapata usingizi, basi nikamwambia nitakaa naye. Alinipa mtoto macho yakiwa nusu yamefumba, akasema ahsante. Hakuniambia nisimweke chini. Nani kwetu huambiwa neno kama hilo?

Kitabu kilishauri mpiga picha ajizoeze mahali pale pale, kwa mwanga ule ule. Nami hutii vitabu, unanijua. Nilisimama nje ya mlango, mtoto kiunoni, kamera shingoni. Jua lilikuwa linachomoza, mwanga kama asali. Lakini kamera ile haitaki mkono mmoja. Mkono mmoja lazima ushike lenzi kwa chini, wa pili ushike kamera yenyewe na kubonyeza. Kando ya mlango kulikuwa na rundo la matawi ya misonobari, yale ambayo Bibi aliyakata ya kutandika hemani na njiani. Nikamkalisha Elliot juu yake. Nilijiambia kwamba matawi si ardhi.

Nikarudi nyuma hatua chache, nikaweka jicho kwenye kitundu. Kisanduku cha kijani kilimshika jicho mara moja. Akatabasamu. Nikarudi nyuma zaidi ili aingie vizuri, naye akaja. Kadiri nilivyorudi ndivyo alivyokuja, akicheka, na kisanduku hakikumwacha. Mama Mdogo, sitakuficha: nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Niliona kila unywele wa kope zake. Sikuona kitu kingine.

Bibi akatoka na birika. Aliliweka birika chini taratibu, na nilipoona kwamba hamtazami mtoto usoni, nikashusha kamera nami nikatazama alikokuwa akitazama. Miguu mitupu, ina umande na mchanga hadi kwenye vifundo.

"Ameelekea upande gani?" Bibi akauliza.

Nikanyoosha kidole.

"Kwako," akasema.

Alimwinua, akavua kitambaa chake cha kichwa, akamfuta mguu mmoja, kisha wa pili, bila haraka, kama anayefuta kikombe cha mgeni. Alipogeuka kuingia ndani, Gloria alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisimama hapo tangu lini.

Lawrence ndiye aliyesema maneno makali. Aliniuliza kama nimeridhika sasa, mpiga picha wa dunia, na mengine ambayo Babu alimkatiza asiyamalize. Gloria hakupaza sauti. Aliomba kuona. Nikampa kamera, nikamwonyesha kitufe. Akazitazama picha moja baada ya nyingine, na ni kweli kwamba sijapata kupiga nzuri kama zile. Ndani ya macho ya Elliot unaona miti na anga. Gloria alifika mwisho, akarudi mwanzo, akafika mwisho tena.

"Miguu iko wapi?"

Haikuwepo. Zote zilikuwa zimekatika kifuani.

"Nimembeba muda wote huu kwa ajili ya miguu hiyo," akasema. "Na wewe hata hukuitazama."

Akanirudishia kamera kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kwa kuwa ni mali ya mtu. Afadhali angeitupa.

Siku ile sikula na watu. Nilikaa nyuma ya kibanda cha kukaushia samaki. Mjomba Roderick alinifuata na kipande cha mkate wa kikaangoni, akasema hata mhalifu hulishwa. Kisha akanipa habari. Bibi alikuwa ameketi na wazee wengine wakazungumza, wakaona sherehe iendelee. Bibi alisema mtoto aliyeponyoka kwenda kucheza bado hajatolewa nje, maana hakuna aliyemfungulia mlango, wala hajawaletea wazee nyama. Nilipumua. Lakini nilipochungulia nilimwona Gloria amekaa na Elliot mapajani, amemshika nyayo zote mbili ndani ya viganja vyake, na nikajua kwamba maneno ya Bibi yalikuwa yamerudisha sherehe. Asubuhi ile hayakuirudisha. Kitu alichokingoja, zile hatua za kwanza ardhini, nilikuwa nimekichukua mimi, na hata mimi sikuwa nacho.

Niliifungia kamera kubwa kwenye mfuko wake, nikamwambia Mama kwamba sitapiga tena picha. Bibi alisikia. Kesho yake, kabla ya watu kuingia hemani, alinitilia mkononi kamera yako ndogo, ile ambayo kifuniko cha lenzi hukwama hadi uigonge gotini. Akasema wewe unangoja picha, na kwamba nikae chini ndani pamoja na wazee, nisisimame hata kidogo.

Basi niliketi. Elliot alivaa kofia ya shanga aliyoishona Gloria, begani bunduki ya mbao, na nyuma yake akiburuta bata bukini kwa kamba iliyofungwa kiunoni, bado mgumu kama jiwe, kwa kuwa Lawrence alisahau kumtoa kwenye friji mapema. Kila hatua ilisikika kishindo. Gloria alimshika mkono mmoja, Lawrence wa pili. Walipofika kizingitini nikabonyeza. Mara moja tu, kifuniko kikakwama.

Nje, Elliot alisimama. Akatazama huku na huku. Kisha akaiacha njia ya matawi inayoelekea kwenye mti, akakata kushoto moja kwa moja hadi pale nilipokuwa nimesimama jana yake. Akangoja. Wageni waliokuwa hawajui wakaulizana anamtafuta nani.

"Anamtafuta mpiga picha wake," akasema Mjomba Roderick, na watu wakacheka.

Nilifunika uso kwa mikono. Nilitamani matawi yale niliyoyakalia yanimeze. Kupitia vidoleni nilimwona Gloria hakucheka wala hakukasirika. Aliinama hadi usawa wa sikio la mwanawe, akamnong'oneza, akamwonyesha mti. Elliot akaenda. Akauzunguka, akarudi, akaingia na bata wake, akamkabidhi Babu. Babu akamgonga yule bata kwa kidole, akauliza kwa upole, "Mjukuu wangu, huyu umemwinda kwenye friji ya nani?"

Nimekuwekea picha ile humu ndani. Utaona si nzuri. Ndani ya hema ni giza na nje ni peupe mno, na Lawrence hana kichwa. Nikiwa mkweli, kamera kubwa ingeipiga vizuri mara nyingi zaidi, na yote niliyokuandikia Mei juu ya mwanga na lenzi bado ni kweli. Kosa halikuwa lake. Lakini tazama kwa chini. Kuna kizingiti, kuna matawi, kuna mguu mmoja ulioinuliwa na mmoja uliokwisha kukanyaga, na mkono wa Gloria. Gloria aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaomba nakala.

Juzi tulikuwa tukiosha vyombo sisi wawili. Nilikuwa nimejizoeza maneno tangu asubuhi, na yakatoka vibaya vilevile. Nilimwambia nitakuandikia ununue kamera ndogo, nayo iwe yake, si yangu, kwa sababu mimi sistahili kushika yoyote. Akaendelea kusugua sufuria.

"Hiyo ndogo inashikika kwa mkono mmoja?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Kweli? Hata kama mkono wa pili una mzigo?"

Nikasema ndiyo, inawezekana, kidole gumba tu ndicho hufanya kazi.

Hapo ndipo aliponiambia kwamba ana mtoto mwingine, Mungu akipenda atazaliwa Januari. Mama na Bibi wanajua, na sasa nawe unajua. Alisema atakuwa amerudi kazini mtoto huyo akiwa bado mdogo, na kwamba mchana, nikitoka shule, atahitaji mtu.

"Huyu utambeba wewe, wifi," akasema. "Dukani, garini, kwenye matope, kote. Mpaka siku yake. Na siku hiyo nataka kuiona miguu."

Nilijaribu kusema ahsante. Akanipa sahani niikaushe.

Basi, Mama Mdogo, nisamehe kwa ile barua ya Mei, na kwa picha ambazo hukuzipata. Kama moyo wako bado uko tayari, ninachagua ndogo. Gloria amekataa iwe yake. Anasema akiishika yeye, nani atampiga picha akiwa na mwanawe? Isiwe na mambo mengi. Iwe tu na kamba ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono, nami nitajizoeza kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nimeanza kuuzoesha: asubuhi hii nilizunguka nyumba nzima na gunia la unga kiunoni, na Lawrence akaniuliza kama nimemchagulia jina.

Babu na Bibi wanakusalimu sana. Mama anakusalimu, na anakumbusha juu ya chakula. Kaka yako Roderick anasema uje mwenyewe uwaone mbu. Lawrence na Gloria wanakupa shukrani kwa blanketi ulilomtumia Elliot. Elliot amekutumia alama ya kiganja chake kwenye bahasha. Ni jamu, si uchafu.

Mungu akulinde katika zamu zako, na kila mahali utakapokanyaga pawe salama.

Wako akupendaye, ingawa bado nina haya,

Verna