Sauti ya Kuanzia Kaburini kwa Rebeka

Igamba, Jumapili alasiri, Juni 1955

Baridi kali. Ukungu haujaondoka kwenye mibuni tangu asubuhi, nami nimejifunga shuka mbili kama mgonjwa. Mume wangu Eliya yuko nje anapasua kuni. Ningemtambua hata katikati ya wanaume wengi wanaopasua kuni, kwa sababu kila baada ya pigo huimba kidogo, kipande tu cha wimbo, bila yeye mwenyewe kujua.

Leo haimbi.

Nimeolewa tangu mwanzo wa mwaka na bado moyo unaruka akiingia mlangoni. Shuleni tuliambiwa mapenzi ya namna hii hupungua upesi. Nangoja yapungue, hayapungui. Akivua kofia tu, mimi husahau nilichokuwa nakitafuta jikoni. Najua naandika kama msichana wa darasa la tisa. Basi na iwe.

Lakini jana tulimzika Rebeka, na tangu jana nyumba hii imekuwa kimya.

Rebeka alikuwa sauti ya kwanza katika darasa letu la nyimbo. Kichomi kilimchukua ndani ya wiki moja. Wiki iliyotangulia alikuwa bado ananitania mbele ya wasichana wote: "Dada Tabitha, ukiendelea kumtazama Mwalimu Eliya namna hiyo utapotea kwenye mstari." Nilipotea kweli. Wakacheka mpaka tukaanza upya.

Darasa hili alilianzisha Baba Mkwe, baba yake Eliya, kabla mimi sijazaliwa. Kila Jumamosi vijana wakitoka shambani huja kanisani, wanajifunza do re mi ubaoni na kuimba kwa sauti nne. Sasa tunaliongoza watatu: yeye, Eliya na mimi niliyepewa wasichana. Jina la Baba Mkwe siliandiki. Kwetu mke wa mwana hamtaji baba mkwe, hamtazami usoni, hasemi naye, na akimwona njiani hupita majanini.

Sasa viongozi wawili wasioruhusiwa kuonana wataongozaje kwaya moja?

Eliya alitundika mkeka katikati ya kanisa. Baba Mkwe na wavulana upande mmoja, mimi na wasichana upande wa pili, na mume wangu mpenzi anasimama mwisho wa mkeka akituona wote.

"Mwambie mkeo wasichana wake wanalala."

"Tabitha, Baba anasema mnalala."

"Mwambie Baba tumeamka."

"Baba, wameamka."

Tulikuwa tukisikiana bila shida, ni heshima tu. Rebeka alimpa Eliya jina la Posta.

Kwa kuwa simwoni Baba Mkwe, namsikia kuliko mtu yeyote. Wengine wanatazama mikono yake na ndevu zake. Mimi nina sauti peke yake. Hatuna kinanda, sauti ya kuanzia, ile inayotupa kimo cha wimbo, inatoka kooni mwake, na wanasema kwa miaka yote hiyo haikuwahi kuyumba. Lakini tangu wakati wa mahindi mabichi, mwezi wa tatu, nilianza kusikia inapanda. Jumamosi hii kidogo, Jumamosi ijayo kidogo tena. Na siku moja nilipojibu kwa nguvu naye akamwuliza Eliya, "Anasema nini?" nikatambua kwamba haikuwa heshima tena. Alikuwa hasikii.

Nilimwambia Eliya. Akanishika mkono, akasema, "Baba amechoka tu, mpenzi. Baridi ikiisha atakuwa sawa." Alisema kwa upole wake ule unaoniyeyusha, nami nikayeyuka.

Jana makaburini hapakuwa na mkeka. Nilisimama nyuma na wanawake, shuka kichwani, macho chini. Jeneza lilipokwisha kushushwa, Baba Mkwe akatoa sauti ya kuanzia ya wimbo alioutunga mwenyewe kwa Kinyiha chetu, wimbo wa kuwaaga vijana wa darasa.

Ilikuwa juu mno.

Wasichana walijaribu. Kwenye mstari wa pili sauti zikapasuka, mmoja akaanza kulia, wimbo ukafa. Akatoa tena. Juu vilevile. Hakuna aliyefungua kinywa. Mama yake Rebeka aliinua uso akatutazama, na sitasahau namna alivyotutazama. Mwanawe yuko shimoni, na kwaya yake haiwezi kumwimbia.

Nilimtazama Eliya. Alikuwa akiangalia viatu vyake. Mwana hamsahihishi baba yake mbele za watu. Kila mmoja pale alijua kosa liko wapi, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza.

Nami nilikuwa na sababu kubwa kuliko wote. Nikaimba. Chini ya shuka nikatoa sauti ya kuanzia, ya chini, mahali pake panapostahili, nikaishikilia mpaka wasichana wakaipata. Wavulana wakaingia. Wimbo ukasimama.

Baba Mkwe hakunisikia. Mkono wake ulikuwa bado hewani, akijiandaa kutoa mara ya tatu, kisha akaona midomo inakwenda. Niliona kivuli cha mkono ule juu ya udongo. Ulianza kutufuata, halafu ukashuka polepole. Tulimaliza bila mkono wa mtu.

Shangazi yake Eliya hakungoja tufike nyumbani. "Ndiyo hiyo sekondari! Mke wa mwana anamfundisha mkwe wake kuimba, tena kaburini!" Mama yake Rebeka alipita karibu yangu, akanigusa bega.

Leo baada ya ibada Baba Mkwe alikuja uani kwetu, akaketi kwenye kinu kilicholazwa. Nilijificha jikoni, nyuma ya ukuta.

"Muulize mkeo," alimwambia Eliya, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, "tangu lini?"

Nikajibu kutoka jikoni, "Mwambie Baba, tangu mahindi mabichi."

Nikamsikia Eliya wangu, Eliya mpole, akimwinamia babaye sikioni. "Anasema hajui, Baba. Anasema labda ni jana tu, kwa sababu ya huzuni."

Moyo wangu uligawanyika vipande viwili. Kimoja kilimpenda kwa uongo ule. Kingine kilimwona mzee ameketi pale, ameuliza swali gumu kuliko yote aliyowahi kuuliza, na amepewa maneno matamu badala ya jibu.

Nikatoka. Shuka usoni. Nikapiga goti mbele yake, nikasema karibu na sikio lake, kwa nguvu:

"Tangu mahindi mabichi, Baba."

Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kwake maishani.

Hakukasirika. Alisugua goti. "Kumbe," akasema. "Nami nilidhani vijana wa siku hizi ni wavivu wa koo." Eliya alicheka kidogo, kisha akafunika uso.

Ndipo akaniambia mimi, siyo kupitia kwa mtu, kwamba kuanzia Jumamosi sauti ya kuanzia nitatoa mimi. Yeye atabaki na ubao. "Macho bado ninayo," alisema. Na kuhusu shangazi, atakwenda mwenyewe kuzungumza naye. Akasimama, akatafuta fimbo yake, akaenda. Alikuwa amelipoteza darasa lake na alitembea wima.

Sijafurahi. Nimepewa kitu ambacho nilipenda abaki nacho mpaka mwisho wa maisha yake, na nimekipata kwa sababu msichana amekufa.

Eliya hajaingia ndani tangu wakati ule. Sidhani ameninunia. Nadhani anaona haya, nami namwonea huruma hata mikono inaniuma kwa kutaka kumkumbatia. Nitampelekea chai. Nitaketi karibu naye juu ya kuni hizo na kumpa muda.

Kisha nitamwuliza, kwa sababu nisipouliza leo sitauliza tena. Tutazeeka pamoja, ndilo ombi langu kila asubuhi. Siku sauti yangu itakapoanza kupanda, nami nisijue, na watu wote wakaniangalia kwa adabu na kunyamaza: je, mpenzi wangu, wewe utaniambia?