Uzi Uliosokotwa kwa Mkono wa Kushoto

Mwaitu wangu mpendwa,

Ulipokuwa hapa, barua zote nilikusomea mimi, nawe ukinikatiza kila mstari. Leo nyamaza kidogo, mama.

Unakumbuka uliponifundisha kufuma kiondo, kikapu chetu cha katani? Tulikaa nje ya jikoni, kule Ndithini. Ulijipaka jivu pajani ukaanza kusokota katani kwa kiganja cha kushoto. Wenzako wa kikundi cha kufuma walikucheka, kwa sababu uzi wako ulizunguka kinyume na wa kila mtu. Mimi wa mkono wa kulia nikiushika tu, unafumuka. Uliangalia kiondo changu cha kwanza, kimelegea kama soksi kuukuu, ukasema, "Kaza, mwanangu. Hiki ni cha kubeba maharagwe, si cha kupigwa picha."

Basi nimefuma cha kupigwa picha.

Msimu ule wa mafuriko ulikuwa umeloweka makonge mtoni kama kawaida yako. Malori yalikuwa yamechota mchanga miaka nenda miaka rudi, hata ukingo ukabaki hauna kitu chini yake. Mvua ilipozidi ulishuka kuyaokoa makonge yako, ukingo ukaporomoka nawe. Nilipigiwa simu nikiwa kiwandani Athi River, nashona mifuko ya suruali. Nilimaliza ile iliyokuwa kwenye cherehani, ndipo nikaomba ruhusa.

Sikulia. Kanisani watu waliniangalia wakisubiri, kaburini wakasubiri tena, kisha wakachoka. Niliporudi Mlolongo niliutazama ukuta wa chumba changu, nikajiuliza kama mchanga wa plasta ile ulitoka mto wetu. Nikapika ugali, nikala, nikalala.

Kikundi chako kikaamua kila mmoja atengeneze kitu kuhusu mafuriko, vyote vitundikwe katika ukumbi wa parokia, watu waone mto umefanywa nini. Wakaniomba nishike nafasi yako. Nilikubali kwa kuwa sikuona sababu ya kukataa. Kila nilipopata nafasi nilitembea kando ya mto, nikibandua miibani vitu vilivyoachwa na maji: kamba za nailoni, nyuzi za magunia, matambara. Nikaanza kiondo kipana, mtu mzima anaweza kukaa ndani.

Mama Ndinda, jirani yako, alikuwa akinisaidia kuosha nyuzi. Akashika donge la katani lililojaa tope, akaligeuzageuza.

"Hii ni ya mama yako," akasema. "Nani mwingine alikuwa anasokota hivi?"

Nilitazama. Uzi ulizunguka kinyume. Nikasema ndiyo, ni yake, nikaendelea kufuma. Yeye ndiye aliyelia.

Uzi wako niliuweka wa kumalizia mdomo. Ulikwisha kabla mduara haujafunga, pengo likabaki la upana wa kiganja. Mama Ndinda akanipa wake, mzuri kabisa, lakini kwa kuutazama tu mtu anajua si wako. Nikauchomoa. Nikaomba jivu, nikapandisha leso, nikasokota kwa mkono wa kushoto. Ulifumuka. Nikarudia, ukafumuka. Mchana wote nilikuwa hapo, mkono mzito, uzi una vifundo kama wa mtoto. Mwishowe ukakubali, nikaliziba pengo.

Sasa kinaning'inia ukumbini. Watu wanakisifu na kukipiga picha. Mmoja aliuliza kama kinauzwa, nikamwambia hapana. Niliwasikiliza kana kwamba wanamsema mtu nisiyemjua. Bado sijalia, mwaitu, na sitakudanganya kwamba nimekaribia.

Lakini paja langu la kushoto limechubuka. Nguo ikiligusa nashtuka. Linauma sana, na ndicho kitu cha kwanza kuniuma tangu uende. Mama Ndinda ameniletea mafuta ya kupaka. Nimeyaweka dirishani, sijayafungua.

Pumzika, mama. Makonge nitaloweka mimi, ndani ya karai.

Ni mimi, kitindamimba wako wa mkono wa kulia.