Suruali ya Babu Yako

Marahaba, mjukuu wangu Juma. Huku Ihanja hatujambo, alizeti zimechanua.

Umeniuliza kama kweli kitambi kinaleta presha. Babu yako alipoota chake, nilimtanulia suruali kwa cherehani yangu huku naimba, maana majirani walinisifu kwamba najua kumlisha mume. Siku alipopimwa presha, nesi alimzungushia futi kamba tumboni, akasema, “Mama, tumbo hili ndilo linalompandishia.”

Babu akarudi kuchunga ng'ombe mwenyewe. Nami nikawa naipunguza suruali ileile, hadi nikaufikia mshono wa kwanza, ule wa kijana aliyenioa. Nilicheka peke yangu.

Suruali uliyonitumia niitanue kiuno, nakurudishia kama ilivyo.

Bibi yako